Maisha ya Berzelius, Mpima Vitu Vidogo

Katika nchi ya Uswidi, iliyo upande wa kaskazini wa Ulaya, baridi ni kali mno, hata maji ya maziwa huganda yakawa magumu kama jiwe, na watu hupita juu yake kwa miguu. Katika kijiji kimoja cha nchi hiyo, kiitwacho Väversunda, alizaliwa mtoto mwanamume tarehe 20 Agosti 1779, akaitwa Jöns Jacob Berzelius. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule katika mji wa Linköping, naye alikufa mtoto angali mdogo sana. Mama yake akaolewa mara ya pili na mchungaji wa kanisa, jina lake Ekmarck, mtu aliyefiwa na mkewe akaachiwa watoto. Haikupita miaka mingi mama naye akafa, na Jacob hajatimiza bado miaka 10.

Baba yake wa kambo alikuwa mtu mwema. Aliwafundisha watoto wote pamoja, wake na wasio wake, akawachukua mashambani kuwaonyesha maua na ndege. Aliona mapema kwamba mtoto huyu ana akili nyingi, tena ni mtundu. Husimuliwa kwamba alimwambia kuwa akili zake zatosha kumfanya awe kama Linnaeus, yule Mswidi mashuhuri aliyeipa mimea majina, au kumfanya awe mnyang'anyi mkubwa; shauri ni lake mwenyewe. Lakini Ekmarck alipooa tena, Jacob alipelekwa kwa mjomba wake, na huko watoto wa mjomba hawakumpenda. Mwaka 1793 akaenda shule Linköping. Kwa kuwa hakuwa na fedha, alikwenda kuwafundisha watoto wa mkulima mmoja, na chumba alichopewa kulala kilikuwa ghala ya viazi. Walakini hakulalamika sana, maana chumba kile kilitiwa moto usiku ili viazi visigande, na mwalimu naye akapata joto pamoja na viazi.

Shuleni hakusifiwa. Alipenda kuzunguka porini na bunduki akitafuta ndege na wadudu kuliko kukaa darasani, na nusura afukuzwe. Cheti alichopewa alipomaliza kilisema kwamba ana vipawa vizuri lakini tabia yake ni mbaya, na matumaini juu yake ni ya mashaka. Akakichukua cheti hicho, akaenda chuo kikuu cha Uppsala kusoma uganga, mwaka 1796.

Hapo Uppsala ndipo alipoanza kuipenda elimu ya kemia, yaani elimu ya vitu vyote vimefanywa kwa nini, na jinsi kimoja kinavyogeuka kuwa kingine. Mwanafunzi alikuwa na ruhusa ya kuingia katika chumba cha majaribio siku chache tu. Kwake yeye siku hizo hazikutosha. Akampa mtunza chumba fedha kidogo, akawa akiingia kwa siri kwa mlango wa nyuma. Siku moja profesa wake, Afzelius, akamkuta humo anafanya kazi. Jacob akaogopa, akidhani atafukuzwa. Bali profesa alimwambia tu kwamba tangu leo apite mlango wa mbele. Katika likizo alikaa kwa muuza dawa mmoja katika mji wa Vadstena, na huko akajifunza kwa Mwitalia mmoja kazi ya kupuliza vioo. Kazi hiyo ilimfaa maisha yake yote, maana vyombo vingi alivyotumia baadaye alivitengeneza kwa pumzi yake mwenyewe.

Karibu na Vadstena ipo chemchemi iitwayo Medevi, ambayo watu wengi wa Uswidi walikwenda kuinywea kama dawa. Mwaka 1800 Berzelius alimsaidia daktari wa mahali hapo, akajiuliza katika maji hayo mna nini hasa. Ukiyatazama ni maji tu, meupe kama maji mengine. Akayachemsha mpaka yakakauka, akayapima masalio kwa mizani, akayatenga, chumvi mbali, chokaa mbali, chuma mbali. Habari za kazi hiyo akaziandika kuwa kitabu chake cha kwanza cha mtihani. Maji yatokayo ardhini yalikuwa mwanzo wa kazi yake, naye aliyarudia tena na tena.

Alipopata shahada ya uganga mwaka 1802 alikwenda Stockholm, mji mkuu, akawa msaidizi katika chuo cha waganga bila mshahara. Alipanga katika nyumba ya tajiri mmoja mwenye machimbo, Wilhelm Hisinger, aliyependa kemia kama yeye. Pamoja, mwaka 1803, walilichunguza jiwe zito lililotoka katika machimbo, wakakuta ndani yake elementi mpya, wakaiita seriamu. Elementi ni kitu cha asili kisichoweza kutengwa kikawa vitu vingine kwa kemia, kama vile chuma, dhahabu, shaba, au oksijeni iliyo katika hewa. Mjerumani mmoja, Klaproth, aliipata mwaka huo huo bila kujua habari zao. Jina la seriamu lishikwe vizuri, maana litarudi.

Alijaribu pia biashara. Aliingia katika shirika la kutengeneza maji ya dawa na siki; shirika likaanguka, naye akabaki na deni alilolilipa kwa miaka mingi. Hata mwaka 1807 alipofanywa profesa katika chuo cha waganga, ndipo alipopata riziki ya kutosha.

Ilimpasa sasa kuwafundisha vijana, na katika kuwaandikia kitabu aliona kwamba jambo kubwa halijulikani. Mwingereza John Dalton alikuwa amefundisha kwamba kila elementi ni chembe ndogo ndogo mno, na kila aina ya chembe ina uzito wake. Lakini nani apimaye uzito wa kitu kisichoonekana? Njia ni moja, nayo ni ya kuzunguka: kupima vitu vilivyoungana. Mtu akichukua chuma kilichopimwa, akakiunguza mpaka kimeshika oksijeni yote kiwezayo kushika, kisha akapima tena, atajua ni oksijeni kiasi gani imeungana na chuma. Akifanya hivyo kwa shaba, kwa risasi, kwa zebaki, na kwa vitu vyote, mwisho ataweza kuzilinganisha chembe.

Kazi hiyo Berzelius aliishika kwa miaka kama 10, akachunguza vitu vilivyoungana vipatavyo 2,000, karibu vyote kwa mikono yake mwenyewe. Mwaka 1818 akatoa orodha ya uzito wa chembe za elementi 45, wakati elementi zote zilizojulikana zilikuwa 49. Nyingi za hesabu zake zinakaribiana sana na zile za siku hizi. Katika kazi hiyo adui yake alikuwa uchafu. Karatasi ya kuchujia ikiunguzwa huacha majivu, na majivu yale huongezeka katika mizani na kudanganya. Kwa hiyo alitaka karatasi iliyofanywa kwa maji safi kabisa, isiyoacha majivu ila kidogo sana, na karatasi ya Uswidi ikawa na sifa kwa wanakemia wa nchi nyingi.

Ni yeye pia aliyetunga alama zitumiwazo katika vitabu vya kemia mpaka leo. Dalton alichora viduara vyenye nukta na mistari, ambavyo wachapaji hawakuvipenda. Berzelius akachukua herufi za kwanza za majina ya Kilatini: chuma, ferrum, ni Fe, shaba, cuprum, ni Cu, dhahabu, aurum, ni Au. Dalton hakuzipenda alama hizo hata kidogo. Lakini ndizo zilizoshinda.

Mtu angedhani kwamba kazi kubwa namna hiyo ilifanywa katika jumba lenye mitambo. Sivyo. Mjerumani Friedrich Wöhler, ambaye baadaye alikuwa mashuhuri sana, alikwenda kujifunza kwake mwaka 1823, akastaajabu. Aliona vyumba viwili vya kawaida, havina tanuri wala bomba la maji. Palikuwa na meza ndefu za mbao, makabati ya dawa, na mtungi wa maji wenye bilula ambapo vyombo vilioshwa. Jikoni palikuwa na tanuri dogo na sinia ya mchanga wa moto, na hapo hapo Bibi Anna Sundström, mtumishi wa nyumba, alipika chakula cha bwana. Anna alikuwa naye tangu mwaka 1808. Alivijua vyombo vyote kwa majina, akavisafisha, na bila yeye kazi nyingi isingalifanyika, ingawa vitabu vichache tu vinamtaja. Siku moja, akiosha chombo, alisema kwamba kinanuka ile asidi ya zamani yenye jina refu. Bwana wake, ambaye kwa miaka mingi alikataa kwamba hewa ile ya kijani ni elementi yenyewe, akamwambia kwamba tangu sasa aseme klorini, maana ni vema zaidi. Hivyo ndivyo Wöhler alivyojua kwamba mwalimu amebadili shauri lake: kwa kumsikia akimsahihisha mpishi.

Wöhler mwenyewe alipewa jiwe alichunguze. Akafanya mbio mbio, akitaka kusifiwa. Berzelius akamwambia kwamba amefanya upesi, lakini vibaya.

Jinsi macho yake yalivyokuwa makali kwa vitu vidogo huonekana katika habari ya seleniamu. Yeye na rafiki zake walikuwa na sehemu katika kiwanda cha asidi huko Gripsholm. Asidi hiyo ilifanywa kwa kuunguza kiberiti upele ndani ya vyumba vikubwa vilivyotandikwa risasi. Wafanya kazi waligundua kwamba kila walipotumia kiberiti upele kilichotoka katika machimbo ya Falun, tope jekundu lilikaa chini ya chumba. Waliogopa kwamba ni sumu, wakaacha kukitumia. Mwaka 1817 Berzelius na mzee Johan Gottlieb Gahn wakalichukua tope lile kulichunguza. Lilipotiwa motoni lilitoa harufu kali ya figili, wakadhani ni telluriamu, elementi iliyokwisha kujulikana. Mtu mwingine angeishia hapo. Lakini Berzelius alirudi Stockholm, akalipima tena yale machache aliyobaki nayo, akaona hesabu hazilingani na telluriamu. Ilikuwa elementi mpya. Kwa kuwa telluriamu imepewa jina la dunia, hiyo akaipa jina la mwezi kwa Kiyunani. Katika kuichunguza alivuta puani tone la hewa yake yenye sumu, akapotewa na uwezo wa kunusa kwa saa kadhaa.

Baadaye alipata thoriamu, na mwaka 1824 aliitenga silikoni, iliyo katika mchanga wote wa dunia. Wanafunzi wake nao waliona mapya: Arfwedson alipata lithiamu mwaka 1817, na Sefström akapata vanadiamu mwaka 1830.

Mwaka 1822 alikwenda Karlsbad, katika nchi ya Bohemia, ambayo siku hizi ni sehemu ya Cheki. Huko maji ya moto huruka kutoka ardhini bila kukoma usiku na mchana, na wagonjwa wa Ulaya yote walikwenda kuyanywa na kuyaoga. Berzelius alikwenda kwa ajili ya afya yake. Lakini hakuweza kukaa bure karibu na maji namna ile. Akayachunguza. Alikuta vile vilivyokwisha kujulikana, yaani chumvi na magadi na chokaa, kisha akakuta vingine vilivyokuwa vichache mno hata waliomtangulia hawakuviona, na miongoni mwake ile lithiamu ya mwanafunzi wake. Safari hiyo alionana katika mji wa Eger na Goethe, mshairi mkuu wa Wajerumani, aliyekuwa mzee tayari. Berzelius akamwonyesha jinsi ya kutumia mrija wa kupulizia moto, ambao kwa ulimi mmoja wa taa humwezesha mtu kujua madini yaliyomo katika kipande cha jiwe kisichozidi mbegu ya mtama.

Walakini hata Berzelius hakuweza kupita mpaka mmoja. Mizani ina mwisho wake. Ili apime kitu ilimpasa akusanye maji mengi, ayachemshe, ayachuje, mpaka kile kidogo kimekuwa kingi kiasi cha kuelemea mizani. Kilichobaki chini ya hapo kilimponyoka. Njia ya kuupita mpaka huo ilikuwa katika jambo alilolipa jina yeye mwenyewe. Lakini maishani mwake hakuona kwamba mambo hayo mawili yanahusiana.

Habari zake ni hizi. Tangu alipofanywa katibu wa Akademia ya Sayansi ya Kifalme, ilimpasa kila mwaka kusoma yote yaliyoandikwa na wanakemia wa nchi zote, na kuyaandikia maelezo. Wengi wangaliona ni kazi ya kuchosha. Yeye aliifanya zaidi ya miaka 20, kwa ukali na kwa haki, hata wanakemia wa Ulaya walingoja kitabu chake kila mwaka kwa hofu, kama wanafunzi wangojavyo matokeo ya mtihani.

Katika kusoma huko aliona mambo ya ajabu yaliyotawanyika huku na huku. Huko Urusi, Kirchhoff alichemsha wanga pamoja na asidi kidogo, wanga ikageuka sukari. Na alipotazama, asidi ilikuwa pale pale, haikupungua. Uingereza, mwaka 1817, Davy alitia waya wa platini wenye joto katika mchanganyiko wa hewa na gesi iwakayo, na waya ukaendelea kung'aa bila moto, wala platini haikuliwa. Ufaransa, Thénard aliona maji yenye oksijeni ya ziada yakitoa mapovu kwa nguvu yaguswapo na unga wa fedha au dhahabu, na unga ukabaki vile vile. Ujerumani, mwaka 1823, Döbereiner alipuliza haidrojeni juu ya platini laini kama sifongo, gesi ikawaka yenyewe. Akafanya taa ya namna hiyo, na watu wengi wakainunua kuwashia moto majumbani. Tena mwaka 1833 Wafaransa wawili, Payen na Persoz, walitoa katika kimea kitu ambacho kidogo chake tu kiliweza kugeuza wanga nyingi kuwa sukari. Hata mama apikaye pombe au togwa hujua kazi ya kimea, ingawa hajui sababu.

Kila mmoja wa watu hao aliona jambo lake peke yake. Berzelius ndiye aliyeyaweka yote pamoja, akaona kwamba ni jambo moja: kitu kikiwapo huamsha vitu vingine vigeuke, na chenyewe hakitumiki kikaisha. Katika maelezo yake ya mwaka 1835 aliupa uwezo huo jina la Kiyunani, katalisisi. Na kitu chenye uwezo huo kwa Kiswahili huitwa kichocheo. Akaongeza kwamba katika miili ya mimea na wanyama huenda mambo maelfu ya namna hiyo yakatendeka. Katika hilo alisema kweli kuliko alivyoweza kujua.

Si wote waliokubali. Liebig, mwanakemia mkuu wa Ujerumani, alisema kwamba kukipa kitu jina si kukieleza, na kwa upande mmoja alikuwa na haki. Berzelius alidhani ni nguvu mpya, wala haikuwa nguvu mpya. Karibu na mwisho wa karne ile ndipo Mjerumani Wilhelm Ostwald alipofundisha kwamba kichocheo huongeza tu mwendo wa badiliko ambalo lingaliweza kutokea lenyewe, pengine polepole mno hata lisionekane. Ostwald alipewa tuzo ya Nobel mwaka 1909.

Mwaka huo huo wa 1835 Berzelius, mwenye miaka 56, alimwoa Elisabeth Poppius, msichana wa miaka 24. Mfalme Karl Johan akampa cheo cha baroni kuwa zawadi ya arusi. Anna Sundström akaondoka baada ya kutumika karibu miaka 30. Nyumba ikawa nzuri zaidi, na majaribio yakawa machache.

Uzee wake haukuwa wa raha. Alikuwa amefundisha kwamba kila kitu kilichoungana kina sehemu mbili, moja ya umeme wa namna hii na moja ya umeme wa namna ile, zinazovutana. Kwa chumvi na mawe fundisho hilo lilifaa sana. Lakini Mfaransa Dumas alionyesha kwamba katika vitu vitokavyo kwa mimea na wanyama klorini yaweza kukaa mahali pa haidrojeni, ingawa umeme wake ni kinyume. Vijana wakamfuata Dumas. Berzelius aliyemsahihisha Anna kwa habari ya klorini hakuweza tena kujisahihisha mwenyewe. Alipigana mpaka mwisho, akapoteza rafiki. Alikufa Stockholm tarehe 7 Agosti 1848. Miaka 10 baadaye watu wakamsimamishia sanamu katika bustani iliyoitwa kwa jina lake, nayo ipo hata leo.

Sasa turudi kwenye mpaka ule wa mizani. Baada ya kufa kwake wanakemia walitambua kwamba kichocheo chaweza kugeuzwa kuwa kipimo. Zitwae dawa mbili ambazo zikichanganywa zenyewe hubadilika rangi polepole sana. Ukitia chembe za madini yaliyo kichocheo chake, chembe hizo huziharakisha. Na kwa kuwa hazitumiki zikaisha, kila chembe hurudia kazi ile ile mara nyingi mno. Hivyo madini yasiyoweza kutikisa mizani yo yote hutoa rangi nyingi ionekanayo na macho. Madini yakizidi, rangi huja upesi, yakipungua, hukawia. Anayepima hapimi uzito tena, bali hupima mwendo. Mwaka 1876 Guyard aliipima vanadiamu kwa njia hiyo, ile iliyopatikana na mwanafunzi wa Berzelius. Katika miaka ya 1930, huko Marekani, Sandell na Kolthoff walitumia dawa ya seriamu, ambayo ni ya manjano, na rangi yake hufifia upesi ikiwa pana aidini hata kidogo sana. Aidini si madini ya chuma, bali ikikosekana katika chakula watu hupata rovu, kama ilivyoonekana sana katika nyanda za juu za Tanzania na nchi nyingine za milima. Mpaka leo madaktari hupima mkojo wa watoto wa shule kwa kufifia kwa seriamu, wajue kama chumvi yao ina aidini ya kutosha.

Ilibaki shida moja. Ukipima mwendo, yakupasa kuishika saa kwa uangalifu mkubwa. Ukichelewa kidogo kutazama chupa moja, umeharibu hesabu. Mwaka 1975, huko Denmaki, Růžička na Hansen walionyesha njia nyepesi. Maji hayapimwi yakiwa yametulia chupani, ila hupitishwa katika mrija mwembamba, na pampu huyasukuma kwa mwendo usiobadilika. Dawa huingia mahali pamoja, na mbele kidogo ipo taa na jicho la umeme lipimalo rangi. Kila tone husafiri kutoka hapa mpaka pale kwa muda ule ule, kwa hiyo mrija wenyewe umekuwa saa. Kwanza hupitishwa maji ambayo kiasi cha madini yake kinajulikana, kisha yale yasiyojulikana, na rangi zao hulinganishwa.

Njia hiyo imefaa sana baharini. Katika bahari kuu maji ya juu mara nyingi hayana hata gramu 1 ya chuma katika tani 20,000. Walakini mimea midogo isiyoonekana, ambayo ni chakula cha mwanzo cha samaki wote, haiwezi kukua bila chuma hicho. Karibu na mwaka 1990 Mmarekani John Martin alieleza kwamba katika bahari za kusini chakula kingine cha mimea hiyo ni kingi, bali chuma ndicho kilichopungua. Hapo wengi walitaka kupima, na adui akawa yule yule wa Berzelius: uchafu. Meli ni ya chuma, kamba ni ya chuma, na kutu kidogo tu chaharibu kila kitu. Vipimo vingi vya zamani vilikuwa vya uongo kwa sababu hiyo. Siku hizi maji huvutwa kwa mpira wa plastiki mbali na ubavu wa meli, hupitishwa kwanza katika mrija wenye chembe zinazokamata chuma na kuiacha chumvi ipite, kisha chuma hicho huoshwa kwa asidi safi na kukutana na dawa isiyo na rangi, nayo hugeuka kuwa ya waridi. Zamani maji yalichukuliwa chupa kwa chupa mpaka nchi kavu, na majibu yalingojwa miezi. Sasa meli yaweza kwenda huku pampu ikivuta, na baada ya kila dakika chache mstari mwingine huandikwa, meli ingali baharini.